Kahawa ya dele inayotoka chungu kupita kiasi: tatizo lilianzia kwenye kukaanga

*"Niko Tanga, nimeolewa mwaka jana. Mume wangu alizoea kahawa ya barazani na mimi nataka aipate nyumbani. Nilinunua kilo moja ya buni kutoka Moshi, nikaikaanga kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi na kung'aa mafuta, nikaitwanga, nikaichemsha na tangawizi nusu saa. Imetoka chungu kama kwinini, ina harufu ya moshi, na chini ya kikombe kunabaki mashapo mengi. Mama mkwe anasema haikuchemka vya kutosha. Jirani anasema nitie chumvi. Dele lenyewe, yaani birika la kahawa, ni la shaba, tumelirithi kwa bibi yake mume wangu, na ndani lina madoa ya kijani. Isitoshe, mume wangu siku hizi analalamika moyo unamwenda mbio usiku. Mimi nina ujauzito wa miezi minne na kila nikipika huwa naonjaonja. Nusu kilo ya buni bado ipo. Nifanyeje?"*

Dada yangu, pole kwa nusu kilo iliyopotea, na hongera kwa ujauzito. Umefunga mambo matatu kwenye furushi moja: ladha, dele, na moyo wa mume wako. La dele haliwezi kusubiri, kwa hiyo nalitanguliza kwa sentensi moja na maelezo yatafuata: usilitumie tena kuanzia leo, wala usionje chochote kilichopikwa humo. Haya, sasa tuzungumze kahawa.

Mama mkwe wako na jirani yako wanakutakia mema, lakini wote wawili wanaitibu kahawa wakati inachemka, ilhali iliharibika saa nyingi kabla, ulipokuwa unaikaanga. Nakaanga na kuonja kahawa hapa Moshi kwa miaka mingi sasa, na mtu akiniambia "chungu kama kwinini, harufu ya moshi", simuulizi amechemsha dakika ngapi. Namuomba anioneshe punje.

Jina lenyewe limewapoteza wengi. Kahawa chungu, au kahawa tungu kama wasemavyo ndugu zetu wa Mombasa, inaitwa hivyo kwa sababu hainywewi na sukari ndani. Jina halisemi kwamba lazima iungue. Uchungu wake mzuri unapita ulimini, unasafisha mdomo, unakuachia hamu ya kipande cha kashata au tende. Uchungu ulioupata wewe ni wa kitu kilichoungua, unabaki kooni, na hata ule kashata tatu hauondoki. Ni vitu viwili tofauti kabisa na vina asili tofauti.

Punje mbichi ya kahawa ni ngumu, ya kijani iliyofifia, na ina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12. Ukiiweka kwenye moto, dakika za kwanza inakausha yale maji tu. Inageuka manjano na kunuka kama majani makavu, halafu kama mkate. Kisha sukari zake zinaanza kubadilika, rangi inakuwa ya hudhurungi, na mvuke na gesi vinajikusanya ndani. Joto la punje likikaribia nyuzi 200, gesi inapasua kuta na unasikia punje zinaalika, mithili ya bisi. Huo ndio mwaliko wa kwanza, na kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea, kunakuwa na kimya kifupi, halafu kwenye nyuzi 220 na kitu unaanza mwaliko wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, kama vijiti vikavu vikishika moto. Hapo punje zinaanza kutoa mafuta nje. Ukizidisha dakika mbili tatu baada ya hapo, unatengeneza mkaa.

Uchungu nao una historia yake. Ndani ya punje mbichi kuna asidi zinazoitwa za klorojeni. Moto wa wastani unazigeuza kuwa vitu vyenye uchungu mpole. Moto ukizidi, vile vitu vipole navyo vinageuka kuwa vingine vyenye uchungu mkali unaong'ang'ania. Ndiyo maana kuchemsha zaidi hakukusaidii wewe, kunatoa tu zaidi ya kile kilichokwisha kuharibika. Na yale mafuta yanayong'aa uliyoyafurahia, yakiwa nje ya punje yanapigwa na hewa na kuchacha upesi, hasa kwa joto na unyevu wa Tanga.

Wapo wauzaji wanaokaanga hadi nyeusi kabisa na wateja wao hawataki nyingine. Siwalaumu, ni ladha ya watu na ni kazi ya mikono iliyozoea. Ila wao wanakaangia vikaango vizito, wanajua sekunde ya kuishusha, na nyingi ya kahawa yao inaisha siku hiyohiyo. Sufuria yako nyembamba ya alumini inapitisha moto kwa madoa: punje iliyogusa chini inaungua nje huku moyo wake bado mbichi. Chukua punje moja kati ya ulizokaanga, uikate katikati kwa kisu. Kama nje ni nyeusi na ndani ni kahawia iliyopauka, basi umepata uchungu wa kuungua na ukakasi wa ubichi ndani ya kikombe kimoja. Mtu akionja hivyo ndipo husema "haijaiva", na kwa kweli mama mkwe wako hakukosea kuonja kwake. Alichokosea ni mahali pa kuiivishia.

Kwa hiyo nusu kilo iliyobaki, ifanyie hivi. Kwanza imwage kwenye ungo na uichambue kama mchele. Toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu na zilizovunjika. Usione ni kazi ya kupoteza wakati: punje moja mbovu inasikika kwenye birika zima. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wana kasoro inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia, ambapo punje ambayo kwa macho haina shida inaipa kahawa yote harufu ya kiazi kibichi. Hiyo huwezi kuiona. Zile unazoziona, zitoe.

Tafuta kikaango kizito cha chuma, au chungu kipana cha udongo kilichozoea moto. Kaanga gramu 200 hadi 250 kwa mara moja, usizidishe, maana punje zilizolaliana haziivi sawa. Makaa yawe yameshika vizuri na yasiwe na ndimi za moto wala moshi, kwa kuwa kahawa inavuta harufu, na ile ya moshi uliyoilalamikia huenda nusu yake ilitoka jikoni. Koroga kwa mwiko wa mti bila kupumzika. Usijibu simu. Kazi yote ikichukua dakika 12 hadi 15 uko sawa. Ikimalizika kwa dakika sita moto ni mkali mno, na ikivuka ishirini unaioka badala ya kuikaanga, itakuwa bapa isiyo na harufu.

Sikiliza mwaliko wa kwanza. Ukishatulia, subiri dakika moja mpaka mbili ukiwa bado unakoroga. Kwa kahawa ya dele mimi napenda kuishusha punje mbili tatu zinapoanza mwaliko wa pili, rangi ikiwa ya kahawia iliyokolea, kavu, bila mafuta juu. Imwage ungoni papo hapo, pepeta kwa nguvu, mwingine akupepee. Hii ya kupoza haraka watu wengi wanaipuuza, kumbe punje ina joto lake ndani na inaendelea kujikaanga hata ikiwa nje ya moto. Kupepeta kunatoa pia yale makapi membamba yanayoleta ladha ya karatasi iliyoungua. Usishangae ukipima: gramu 250 zitakurudia kama 210, zilizopotea ni maji, gesi na makapi.

Iache ipumzike hadi kesho yake, kwenye chombo chenye mfuniko usiobana sana. Kahawa iliyotoka motoni imejaa gesi ya kaboni, na ukiipika saa ileile inafura povu na maji hayaingii vizuri.

Kutwanga. Mashapo yako yalianzia kinuni. Ukitwanga mpaka ikawa vumbi kama unga wa ngano, vumbi hilo halizami. Linaelea, linaingia kikombeni, na kwa kuwa ni laini sana linatoa uchungu wake wote kabla chembe kubwa hazijatoa utamu. Twanga kidogokidogo, chekecha, rudisha kinuni yaliyobaki juu ya chekeche. Lengo ni chembe kama za sukari. Na utwange ya siku hiyo tu. Punje zilizokaangwa zinakaa wiki mbili tatu bila kupoteza sana, iliyotwangwa siku chache tu harufu imekwenda na upepo.

Sasa kuchemsha, ambako ndiko ugomvi wenu ulipo. Siku hizi kuna watu wa mashine wanaosema maji yanayochemka yanaua kahawa. Nao ni nusu ukweli. Kati ya uzito wote wa kahawa, karibu asilimia 30 inaweza kuyeyuka majini, lakini kinachopendeza kinywani ni ile ya mwanzo, asilimia 18 hadi 22 hivi. Uchachu na utamu hutoka mapema. Uchungu mzito na ukakasi hutoka mwisho. Nusu saa ya kuchemka inamaliza kila kitu, na wakati huohuo harufu nzuri inapaa na mvuke. Nyumba nzima inanukia kahawa, kikombe hakinukii.

Kwa lita moja ya maji tia gramu 50 hadi 60, sawa na vijiko vya chakula kumi vya wastani. Maji yachemke kwanza na tangawizi na mdalasini. Kisha tia kahawa, koroga, punguza makaa mpaka yawe yanafukuta tu, na uihesabie dakika sita hadi nane. Hizo ni dakika za Tanga, mahali maji yanapochemka kwa nyuzi 100. Ukienda kwa ndugu zako Lushoto, kule juu mita kama 1,400 maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, waongezee dakika moja au mbili. Epua, nyunyizia kijiko kimoja cha maji baridi juu, funika, uiache dakika tano bila kuitikisa. Yale maji baridi si uganga: yanatuliza mzunguko wa maji moto juu, gesi inaachia chembe, zinazama. Waethiopia wanafanikisha jambo hilohilo kwa jebena, chungu chao chenye tumbo pana na shingo nyembamba. Wanakiacha kitulie kabla ya kumimina.

Halafu ufanye jambo ambalo nililiona kwa muuza kahawa mmoja mzee Unguja na likanifungua macho, ila wewe utumie chupa ya chai badala ya dele lako. Alichemsha kwenye sufuria, akaiacha itulie, akaimimina taratibu ile safi ya juu kwenye dele, machicha yote akayaacha nyuma. Dele lilikuwa la kuiweka moto na kuitembeza, si la kuipikia. Kahawa iliyotenganishwa na machicha yake unaweza kuiweka juu ya makaa mepesi saa nzima isizidi kuwa chungu sana. Ikikaa na machicha, kila dakika inaendelea kupika.

Iliki itie mwishoni kabisa, baada ya kuepua, maana mafuta yake ya harufu hayavumilii kuchemka. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi kwa sababu ikikauka ukali wake hugeuka kuwa wa aina nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo kipande kidogo kinatosha lita nzima. Chumvi ya jirani? Ina ukweli: chembe chache za chumvi huufanya ulimi usiuhisi uchungu sana. Inafaa kahawa iliyozidi kidogo. Kahawa iliyoungua itabaki kuwa kahawa iliyoungua yenye chumvi, na nisingependa ufunike kosa badala ya kuliona.

Turudi kwenye dele. Shaba ya madele ni mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni shaba nyekundu. Zamani yalipakwa bati ndani ili kahawa, ambayo ina uasidi kidogo, isiigonge shaba moja kwa moja. Bati hilo linalika kwa miaka, na madoa ya kijani ni dalili kwamba shaba yenyewe imefikiwa. Shaba ikizidi inaleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Ila kinachonitia hofu zaidi ni madini ya risasi. Vyombo vingi vya zamani viliungwa mdomo na mkono kwa lehemu (madini yaliyoyeyushwa ya kuungia) yenye risasi, na shaba nyingine ilikuwa na risasi ndani yake. Risasi haina rangi wala ladha kwenye kahawa, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa ndimu na majivu, na kwa mtoto aliye tumboni hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kulisugua kwa msasa usijaribu, utatengeneza vumbi lake.

Una njia mbili. Ya kwanza, ulitunze kama kumbukumbu ya bibi, uling'arishe nje, uliweke sebuleni. Ya pili, umtafute fundi anayejua kupaka upya bati safi la vyombo vya chakula, naye akague pia viungio. Kwa kuwa sasa una mimba, mimi ningechagua ya kwanza bila kusitasita, na kahawa ningeipikia kwenye sufuria ya chuma cha pua na kuihifadhi kwenye chupa ya chai. Ladha haitapungua hata tone. Kliniki ukienda, mwambie mkunga au daktari kwamba umekuwa ukinywa kutoka chombo cha namna hiyo, mara ngapi na kwa muda gani. Yeye ataamua kama damu yako ipimwe. Umekuwa ukionja kidogo tu, kwa hiyo sikuambii ili ukose usingizi. Nakuambia ili usilinyamazie.

Kuhusu kafeini, kuonja kwako si tatizo. Wajawazito hushauriwa kwa kawaida wasivuke miligramu 200 kwa siku, kwa sababu mwili wenye mimba huiondoa polepole sana. Kwa kipimo nilichokupa, kikombe kidogo cha kahawa cha mililita 50 kinatokana na gramu tatu za kahawa. Arabika ya Moshi ina kafeini ya asilimia 1.2 hivi, kwa hiyo kikombe kinabeba kama miligramu 35. Viwili kwa siku havikudhuru, ila visiwe pamoja na chakula, maana kahawa inazuia mwili kunyonya madini ya chuma unayoyahitaji sana sasa.

Mume wako ana hesabu nyingine. Muulize kwa upole anakunywa vikombe vingapi barazani kabla ya kufika nyumbani, na kahawa ya pale ni ya wapi. Ikiwa ni robusta, kama ile ya Kagera, kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Vikombe kumi vidogo, ambavyo kwa mazungumzo ya mpira ni vichache, vinaweza kupita miligramu 600, na kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachokubalika ni 400 kwa siku. Watu hudanganyika hapa: kahawa ikiwa nyeusi na chungu zaidi wanadhani ndiyo kali zaidi. Kukaanga sana hakuongezi kafeini, na kafeini yenyewe inachangia sehemu ndogo tu ya uchungu. Kahawa laini inaweza kumkesha mtu. Tena inachukua kama saa tano nusu ya kafeini kutoka mwilini, hivyo alichokunywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado inazunguka. Ajaribu wiki moja kutokunywa baada ya saa tisa alasiri.

Moyo ukitulia, mmepata jibu. Usipotulia aende hospitali akapimwe shinikizo la damu na mapigo, asiisingizie kahawa. Na kama unaambatana na maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia au kukosa pumzi, aende siku hiyohiyo. Akipima lehemu ya damu (kolesteroli) na kukutwa iko juu, amwambie daktari kwamba anakunywa kahawa ya kuchemsha: kahawa isiyochujwa ina mafuta yanayopandisha lehemu, na uhusiano wa kahawa na lehemu hiyo uliibuliwa mwaka 1983 na utafiti wa Tromsø huko Norwe, ambako wakati huo wengi walikunywa kahawa ya kuchemsha. Karatasi ya kuchujia inayanasa karibu yote; kitambaa kizito cha pamba kinayapunguza.

Ile nusu kilo igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza likaange nilivyokueleza. La pili liache dakika moja zaidi, mwaliko wa pili ukiwa umechanganya. Yapike siku moja, kwa kipimo kimoja na dakika zilezile, weka alama chini ya vikombe. Mpe mama mkwe wako yote mawili na kashata pembeni, usimwambie lipi ni lipi, umuulize angependa umpikie lipi Ijumaa. Atakalochagua, ndilo uandike dakika zake.